Mstari kwenye Shingo ya Shoka

Jumatatu, tarehe 12 Novemba 1951. Mvua ilianza kabla ya jogoo, ikakatika jua lilipokwisha kupanda, kisha ukungu ukashuka ukakaa juu ya migomba kama mgeni aliyekosa pa kwenda.

Siku kama hii mtu hapalilii, udongo unaganda kwenye jembe. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikichambua mbegu za maharage, mke wangu nyuma yangu akimenya ndizi, nikamwona mtu anakuja kwa njia ya kisimani. Alikuwa mrefu, fimbo mabegani, mikono ameining'iniza juu ya fimbo, miguu imelowa hadi magotini. Kwa mwendo tu nilijua ni mtu wa ng'ombe. Sisi wa migomba hutembea tukitazama chini tusijikwae kwenye visiki. Wao hutazama mbali.

"Hodi hapa."

"Karibu. Pita ndani usilowe."

"Nimekwisha kulowa, bwana. Mtu halowi mara mbili."

Akaingia, akamsalimu mke wangu, akakaa. Alisema anatoka Songambele, amelala kwa shangazi yake hapa Kituntu, na leo leo lazima apate jibu kwa sababu kesho anarudi kwake. Akatoa ndani ya shuka yake kitu kilichofungwa kwa maganda makavu ya mgomba, akakiweka juu ya mkeka mbele yangu. Kilikuwa kichwa cha shoka, kipya, hakijatiwa mpini, nao mpini ameuchomeka kiunoni.

"Wanasema wewe ulifua chuma cha Wazungu," akasema. "Basi niambie. Hili litamuumiza mtu au halimuumizi?"

Nililitambua kabla sijaligusa. Hakuna mwingine huku anayeinua mabega ya shoka namna ile. Lilikuwa kazi ya baba mkwe wangu. Nyuma yangu kisu cha mke wangu kilinyamaza kumenya, kisha kikaendelea.

Nisiseme uongo, sikuwa mhunzi. Katika machimbo ya bati ya Kyerwa, miaka ile kabla ya vita, nilikuwa mpiga nyundo tu. Mhunzi mkuu, mtu wa kutoka kusini, alishika chuma kwa koleo, na mimi nilipiga pale alipogusa kwa kinyundo chake. Tulinyoosha na kunoa nondo za kutobolea mwamba. Kabla nondo haijarudi shimoni aliikagua, na wakati wa kukagua alipenda kusema, kwa hiyo nilisikia mengi kuliko niliyofanya. Alisema chuma kina makovu na kina vidonda. Kovu ni mahali palipoumia pakafunga. Linatisha macho lakini halina safari. Kidonda kinakula kwenda ndani, na kila pigo linakilisha. Ndivyo alivyosema, na siku nyingine yeye mwenyewe alikosea. Mimi niliyejifunza kwake kwa masikio sina sababu ya kukosea kidogo kuliko yeye.

Nilimwambia mgeni hayo yote. Akasikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Sawa. Sasa litazame."

"Kwanza niambie kwa nini unaogopa. Baba huyu amefua mashoka ya watu wengi."

Hapo akanieleza. Hori la baba yao, la kunyweshea ng'ombe maji ya chumvi, limeoza. Kwa ukoo wao hori halichongwi na mtu wa nje. Wanalichonga watoto wa tumbo moja, wawili, mmoja upande huu wa gogo na mwingine upande ule, wanatazamana, huyu akipiga yule anainua, ili upande mmoja usizidi mwingine kwa kina. Katika tumbo la mama yao wamebaki wanaume wawili, yeye na mdogo wake. Na mdogo wake amebakiwa na jicho moja. La pili lilitolewa na kipande cha chuma walipokuwa wakipasua kuni.

"Kipande cha shoka la huyu mzee?"

"Hapana. Lilikuwa la dukani. Nalo halikuwa na kosa, tulilipiga kisogoni kwa shoka lingine tukalifanya kabari. Kosa lilikuwa letu." Akalisogeza shoka juu ya mkeka. "Lakini chuma kilipokuja hakikuuliza kosa ni la nani. Shoka hili nikilishika mimi, yeye yuko mbele yangu, hapo ulipo wewe. Sikuja kuuliza kama ni zuri. Nimekuja kuuliza juu ya jicho la ndugu yangu."

Basi nikalichukua nikatoka nalo mlangoni penye mwanga.

Shoka letu la kienyeji halina tundu kama la dukani. Lina mkia. Mpini unachongwa kwenye mti wenye kichwa kinene kama rungu, kichwa kinatobolewa kwa chuma cha moto, na mkia wa shoka unapita humo. Kadiri unavyopiga ndivyo unavyojikaza. Pale mkia unapokutana na bapa, sehemu pana yenye makali, ndipo penye shingo, na ukipiga gogo kwa upande kidogo, shingo ndiyo inayobeba.

Niliona alama tatu. Kwenye shavu moja palikuwa na vishimo vingi, kama uso wa mtu aliyepona ndui. Kwenye shavu la pili palikuwa na mstari unaokwenda kwa urefu, kutoka mkiani kuelekea makalini. Na shingoni, kwa upana, palikuwa na mstari mwembamba kama unywele, mfupi, ambao ungeweza kuwa mkwaruzo tu.

Vishimo ndivyo vilivyomtisha mgeni. Alikuwa akiweka kidole hapo tu. "Tazama, limeliwa na mchwa."

"Hayo ni maganda ya moto," nikamwambia. "Chuma kikitoka motoni kina maganda, mhunzi asipoyapangusa nyundo inayapigilia ndani. Ni uso mbaya tu. Uso mbaya hauvunji mtu mguu."

"Na huu mrefu?"

"Huu unakwenda na chuma, kama mstari ndani ya ubao. Ubao haukatiki kwa mstari wa urefu." Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua, kisha nikaona haya, nikaongeza, "Nadhani."

Juu ya ule wa shingoni sikusema kitu. Nililifunga shoka kwa kamba ya mgomba, nikalining'iniza, nikaligonga kwa msumari. Chuma kizima hulia na sauti yake hukaa. Chenye ufa hukohoa. Hili lililia, lakini matone kwenye majani yalikuwa mengi, na masikio yangu tangu machimboni si ya kuaminika. Nikamwita mke wangu asikilize.

"Linalia," akasema.

"Linalia namna gani?"

"Kama mtoto aliyepigwa kidogo na anataka apigwe zaidi. Mimi nitajuaje? Wewe ndiye fundi wa Wazungu."

Mgeni akacheka. Mimi sikucheka, kwa maana sikuwa nimepata jibu.

Palibaki njia moja ya mhunzi wa machimboni. Alikuwa akizamisha chuma ndani ya mafuta ya taa, akikifuta kabisa, kisha akikipaka chokaa. Palipo na ufa, mafuta yaliyojificha hutoka yakalowesha chokaa, na mstari unajichora wenyewe. Chokaa sikuwa nayo, lakini tuna udongo mweupe wa kupakia kuta. Nikalitia shoka kwenye bakuli la mafuta ya taa, tukakaa, mke wangu akamletea mgeni kahawa ya kutafuna katika kijikapu, tukatafuna tukizungumza habari za malisho. Kisha nikalitoa, nikalifuta kwa kitambaa, nikalipaka udongo mweupe, nikaliweka karibu na jiko.

Udongo ulipokauka ulikuwa na madoa kila mahali. Vishimo vyote vilikuwa vimelowa. Mstari mrefu umelowa. Wa shingoni umelowa zaidi. Hata mahali ambapo sikuwa nimeona kitu palikuwa na mistari, kama mkono wa bibi kizee. Nikawaza, kama si mvua ningekuwa shambani, na huyu mtu angekwisha kulitia mpini.

"Usilitumie," nikasema.

Mgeni akashusha pumzi. Hakuonekana kukasirika, alionekana kama mtu aliyetua mzigo. "Basi nitakwenda kwa mzee nimwambie. Na wengine nitawaambia, si haki wasijue."

Mke wangu alikuja akasimama juu yetu. Nilidhani atanilaumu, kwa kuwa ni jina la baba yake lililokuwa linachukuliwa kupelekwa Songambele. Alilichukua shoka, akaligeuza, akalipeleka puani.

"Simtetei baba," akasema. "Lakini nusa."

Nikanusa. Nilisikia mafuta ya taa.

"Nusa tena. Chini ya mafuta ya taa."

Na kweli, chini ya mafuta ya taa palikuwa na harufu ya kibuyu cha maziwa. Nikamtazama mgeni. Madoa juu ya udongo nayo, sasa nilipoyaangalia vizuri, yalikuwa na umanjano.

"Ndugu yangu, ulilifanya nini shoka hili?"

"Sikulifanya kitu."

"Hukulipaka kitu?"

"Aa, siagi! Siagi tulilipaka, ndiyo. Chuma kipya kikiingia kwetu lazima kipakwe siagi, kisije kama adui. Mama alilipasha moto kidogo ili linywe vizuri, akalipaka, akalipasha tena." Akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Kwani ninyi hamlipaki?"

"Sisi tunaliosha kwa maji," mke wangu akasema, "maskini wa Mungu."

Basi lile lililoniogopesha lilikuwa siagi ya mama yao. Chuma kilikuwa kimeinywa kwa kila kishimo na kila mkwaruzo, na moto wa jikoni uliirudisha yote nje. Nilikuwa nimesoma siagi nikaiita ufa. Nilimwambia mgeni kwamba neno langu nalirudisha, asilibebe.

"Kwa hiyo ni zima?"

"Sikusema ni zima. Nimesema sijui. Nilidhani najua, kumbe sijui."

"Wewe ni mtu mgumu," akasema, lakini akakaa tena.

Mke wangu akachemsha maji na majivu ya maganda ya ndizi, yale ambayo mama zetu walifulia kabla ya sabuni ya duka. Tukalichemsha shoka humo mpaka povu la siagi likapanda juu, tukamwaga, tukachemsha tena kwa majivu mapya mpaka maji yakakaa bila macho ya mafuta. Nikalikausha kabisa motoni. Kisha nikaanza upya, mafuta ya taa, kitambaa, udongo mweupe.

Safari hii vishimo vilibaki vyeupe. Mstari mrefu ulibaki mweupe. Nilifurahi, maana nilikuwa nimesema sawa bila kuwa na haki ya kusema. Lakini shingoni, taratibu, kama jasho juu ya mdomo, ukatokea uzi. Haukufika hata nusu ya upana wa shingo. Ulitokea, ukasimama.

Tulilitazama wote watatu.

Nilijua siwezi kutoa hukumu bila kumsikia aliyelifua. Mtu hahukumiwi akiwa hayupo, hata kama ni chuma chake tu kinachohukumiwa. Na nilijua pia kwamba nikisema baya watu watasema mkwe amemchoka mzee, na nikisema jema watasema ameshika upande wake. Nilitafuta moyoni ni lipi kati ya hayo nililoliogopa zaidi, nisiliache liseme badala yangu, na sikulipata. Tukavaa majani ya mgomba kichwani, tukaenda, mgeni mbele, mimi nyuma.

Kibanda cha baba mkwe kiko ukingoni mwa migomba yake, upande wa kwenda Rugera. Moto ulikuwa umefunikwa majivu. Alikuwa ameketi akisuka mpini wa kisu kwa ngozi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe. Karibuni. Msiruke nyundo, zungukeni."

Tukazunguka, tukakaa chini. Nilimweleza yote kwa mpangilio wake, hata habari ya siagi, hata kwamba nilikuwa nimekwisha kusema lisitumike nikarudisha neno. Sehemu moja tu niliiruka. Sikumwambia habari ya jicho. Ile ilikuwa siri ya nyumba ya mgeni, nikadhani akipenda ataisema mwenyewe.

Mzee alilichukua shoka akaliangalia kwa umbali, kisha kwa karibu. Akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya shingo.

"Umekuja kulipaka shoka langu mafuta ya taa," akasema. "Ulipokuja kuposa binti yangu, mimi nilikupaka mafuta ya taa?"

"Hapana, baba."

"Nilikutazama tu. Nikasema, ana mikono, ana meno, basi."

"Ungempaka," mgeni akasema, "angelowa mwili mzima."

Mzee hakutaka kucheka, lakini shavu lilimcheza. Kisha akawa mzito tena. "Huu ni mkunjo," akasema. "Nilipougeuza mkia chuma kilikuwa kimepoa kidogo, kikajikunja juu ya chenyewe. Nilikiona. Mkunjo ni ngozi, hauingii ndani. Na tena utakaa ndani ya mpini, mti umeushika pande zote. Ungevunjikia wapi?"

Nilimwambia kwa heshima kwamba ndiyo, mti utaushika, lakini mti utauficha pia. Ukikua hakuna atakayeuona mpaka siku yake. Na shingo ndiyo inayobeba.

"Tupa iko pale," akasema. "Kata ngozi. Ukiona mstari unakwisha, ni ngozi. Usipokwisha, tutasema mengine."

Hilo lilikuwa la haki, nami sikuwa nimelifikiria. Nikapiga tupa polepole, mzee ameshika mkia kwa koleo. Mstari ulifupika. Nikapiga tena, ukafupika tena, mpaka ukabaki kwenye pembe moja tu, mdogo kama punje ya ulezi. Hapo ukakataa. Nikapiga tupa mpaka nikaogopa kuila shingo yenyewe, na bado ulikuwapo.

"Basi," mzee akasema. "Uzi ule hauvunji shoka. Nimefua tangu sijaota ndevu. Mashoka yenye uzi kama ule yako vijijini na wenyewe wamekufa kwa uzee yakabaki."

Niliamini anasema kweli. Naamini hata sasa ninapoandika. Mgeni akanigeukia. "Haya. Sema."

Nilikuwa natafuta neno lisilokuwa uongo kwa upande wowote. Mwisho nikasema, "Lingekuwa langu, na napasua kuni peke yangu nyuma ya nyumba, ningelitumia. Sitanii, ningelitumia. Lakini kwa kazi yako, na kwa atakayesimama mbele yako, nasema hapana."

Mzee akainuka. Sikuwahi kumwona akiinuka hivyo mbele yangu tangu nioe.

"Chuma ni kizima au si kizima! Hakibadiliki kwa kumtazama nani amesimama mbele yake. Unanitukana kwa maneno ya katikati. Sema limeharibika, nilitupe mtoni, watu wajue mzee amekwisha. Au sema ni zima, nipate kunyamaza. Hili la kusema zima kwako na bovu kwa mwingine, wamekufundisha wapi? Machimboni?"

Alichosema kilikuwa na haki yake. Uzi ni uleule. Nilijiuliza kama si woga wangu tu nimeuvisha nguo za busara.

Ndipo mgeni akasema, akitazama chini, "Baba, atakayesimama mbele yangu ni mdogo wangu. Ana jicho moja."

Mzee akamtazama. "La pili?"

"Kipande cha chuma."

"Changu?"

"Si chako, baba. La dukani. Kosa lilikuwa letu."

"Na wewe," mzee akanigeukia, "ulijua hili ulipoingia hapa?"

"Nilijua, baba. Nilidhani si langu kulisema."

Alibaki amesimama. Mvua ilikuwa imeanza tena, tukaisikia ikipiga nyasi za paa. Kisha akachukua fimbo ya chuma, akafukua majivu, akapuliza kwa mdomo mpaka kaa likawa jekundu. Hakusema amekubali wala amekataa. Alisema tu, "Mtu wa ng'ombe, unaweza kuvukuta moto?"

"Sijawahi."

"Vile viriba viwili ni ngozi ya mbuzi. Fikiria unakamua. Huyu, yule, huyu, yule. Mkwe, chukua nyundo kubwa."

Basi nilivua shati. Nyundo niliikuta nzito kuliko zile za ujana wangu. Mzee aliitia shingo motoni mpaka ikawa na rangi ya papai lililoiva, akaitoa, akaweka patasi juu yake, akaniambia niipige. Mkia ulikatika ukaanguka majivuni pamoja na uzi wake. Kisha tukavuta mkia mpya kutoka kwenye bapa lenyewe. Yeye anagusa kwa kinyundo, mimi napiga alipogusa, na kila chuma kilipoanza kupoa kidogo tu chini ya ile rangi, akakirudisha motoni kabla hakijapata nafasi ya kujikunja. Mgeni alivukuta akitokwa jasho.

"Ng'ombe wangu wakiniona leo," akasema, "hawatanifuata tena."

"Vukuta," mzee akasema.

Shoka lilitoka fupi kuliko lilivyokuwa, upana wa vidole kadhaa umepotea. Mzee aliyatia makali motoni tena, akayazamisha majini yawe magumu, akalinoa. Mimi nilikuwa nimekuja na chupa ya mafuta ya taa na udongo mweupe kidogo ndani ya jani. Niliogopa kuvitoa mbele yake, akaona ninavyosita.

"Paka," akasema. "Si umekuja na dawa zako?"

Nikalipaka. Tulingoja. Shingo ilibaki nyeupe pande zote. Nikamwambia mgeni nilichokuwa na haki ya kukisema, na si zaidi. Nimeona nje, nje ni safi. Ndani ya chuma hakuna aliyeingia akarudi.

"Sasa ungemweka ndugu yako mbele yake?" akaniuliza.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilijibu upesi. Nina ndugu. Nilimwona akilini amesimama pale.

Mzee hakuningoja. Mgeni alikuwa amekuja na mpini wake, mti mzuri mgumu. Mzee akaupasha mkia mpya moto kidogo, akaupitisha kwenye tundu, moshi ukatoka, akaugonga ukakaa. Akatoka nje kwenye mvua. Uani pana gogo ambalo halijapasuliwa. Akasimama upande wa pili wa gogo, pale ambapo mtu angesimama akichonga hori, akakabili upande wetu, uso mtupu, kofia ameivua.

"Piga, mkwe."

"Baba, sipigi ukiwa hapo."

"Nilipolifua mara ya kwanza sikujua nani atasimama hapa. Sasa najua. Piga."

"Baba, nakuomba."

"Kama huwezi kulipiga mbele yangu, utampaje mwenzako alipige mbele ya mtoto wa watu? Piga, na usipige kama unabembeleza."

Nilipiga. La kwanza lilikuwa la kubembeleza, akalikemea. La pili lilikuwa la kweli, vipande vya mti vikaruka vikampiga kifuani. Hakupepesa, au kama alipepesa mimi sikuona, maana nilikuwa namwona kwa shida. Nilipiga kwa upande, namna ile inayoipinda shingo, nikapiga upande wa pili. Sijui ni mara ngapi. Kisha akanyoosha mkono, nikadhani anataka tuache, kumbe alitaka mgeni naye achukue zamu. Mgeni akapiga, mkono wake mrefu, mapigo mazito, mzee hapo hapo.

Tuliporudi ndani tukaling'oa shoka kwenye mpini, nikalipaka tena. Shingo ilikuwa nyeupe.

Mgeni alipiga goti mbele ya mzee, namna wanavyofanya kwao. Mzee akamwinua, akamwambia siagi waendelee kulipaka, haina neno, ila kila wakimaliza kazi walitoe kwenye mpini watazame shingo, na wasipige kamwe kisogo cha shoka kwa shoka. Kisha akanigeukia mimi. Nilidhani atasema kitu juu ya maneno yangu ya katikati. Alisema, "Nenda, binti yangu anakungoja. Nyundo iache ilipokuwa."

Nimerudi jioni nikiwa nimelowa. Mke wangu aliuliza limekuwaje, nikamwambia yote, na nilipofika mahali baba yake alipovua kofia aliacha kuchochea moto akanitazama, akauliza, "Na wewe ulipiga?" Nikasema nilipiga. Kisha akarudi kwenye moto wake, wala sijui anafikiri nini.

Hata sasa sijui kama tulifanya sawa. Mapigo yale yalionyesha kwamba shoka halikuvunjika kwa mapigo yale. Juu ya mapigo ya Songambele hayakusema kitu. Na tumelifupisha shoka zuri kwa ajili ya uzi ambao labda usingefanya lolote mpaka sisi sote tufe. Hilo nalo nimpe mzee, ni haki yake. Nikimfikiria yule ndugu wa jicho moja, ambaye sijamwona, akisimama upande wa pili wa gogo kesho kutwa, nasema ni afadhali tulivyofanya. Kisha nafikiri tena.

Tumekula ndizi zilizopikwa na maharage mabichi, na nyanya chungu kidogo. Chumvi ilikuwa imepungua, hakuna aliyelalamika.